Alama ya Kutoa kwenye Ukurasa wa Arobaini

Profesa wetu wa hesabu alikaa Butembo siku tisa. Somo lenyewe lilipaswa kuchukua karibu miezi mitatu, lakini yeye alitoka Kinshasa, na vyuo vingine vilikuwa vinamngoja, kwa hiyo alitumwagia yote kwa siku tisa, asubuhi na alasiri, kama mtu anayeshusha mizigo huku dereva anapiga honi. Sisi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi tulijaa ukumbini mpaka wengine wakakaa kwenye vizingiti vya madirisha. Aliandika kwa mkono wa kuume, akafuta kwa mkono wa kushoto, na mimi siku zote nilikuwa nyuma kwa mistari mitatu.

Kila alipofika mahali ambapo nilikuwa nimepotea kabisa, aligeuka akasema, "C'est évident." Halafu, kwa kuwa alizaliwa Kisangani na Kiswahili alikijua, akatusaidia: "Iko wazi."

Haikuwa wazi. Nilitazama kushoto na kulia nione kama kuna mwingine ambaye kwake haikuwa wazi, nikaona vichwa vimeinama, kalamu zinakimbia. Nikainamisha changu.

Mimi ni mtoto wa Mangina. Nilisoma shule ya ualimu, ambako hesabu ilikuwa saa chache kwa juma, na hizo chache zililiwa na mambo mengi. Mwaka wa Ebola tulipanga mstari asubuhi tunawe mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto, na mara nyingi saa ya kwanza, iliyokuwa ya hesabu, iliishia kwenye mstari. Baadaye tukakimbia vita, tukahamia Beni, nikaingia shule nyingine katikati ya mwaka, na huko walikuwa wameshapita sura ambazo kwetu hatukuwa tumezifikia. Hakuna aliyeniuliza nimekosa nini. Nilipata diploma kwa lugha, historia na saikolojia, na hesabu niliivuka kwa kukariri.

Uchumi lilikuwa wazo la baba. Alilima kakao maisha yake yote, na alitaka mtu mmoja nyumbani amweleze kwa nini bei ya kakao inapangwa na watu wasiowahi kuona mti wake. Nilidhani nitaenda kujifunza hilo. Sikujua kwamba mlangoni nitakuta herufi za x na y zimekaa kama askari wa barabarani.

Butembo nilikaa kwa mama mdogo, mtaa wa Bulengera. Siku moja alichukua daftari langu mezani, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena.

"Unasomaka économie, ao unasomaka lugha ya wachawi?"

"Ni math, mama mudogo."

"Na makuta iko wapi? Na soko?"

Hata mimi nilikuwa ninatafuta fedha na soko humo ndani.

Profesa alipoondoka, alituachia asistenti wake, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na silabusi, yaani kitabu cha somo chenye kurasa themanini za fotokopi. Asistenti alifanya mazoezi nasi mara mbili kwa juma. Tulianza na dérivée, ambayo ndiyo nyundo ya somo lote: inakuambia kitu kinapanda au kinashuka kwa kasi gani, kwa hiyo inakuambia kiwanda kizalishe kiasi gani ili faida iwe kubwa kabisa. Hayo ninayasema leo. Wakati ule nilichoona ni kwamba mtu anaandika x yenye mbili ndogo juu ya bega, halafu ile mbili inaruka na kutua mbele ya x.

Nikainua mkono niulize sababu. "Asistenti, ile mbili inashuka juu ya nini?"

"Ni règle, ni kanuni. Exposant inashuka mbele."

"Nimeona inashuka. Mais juu ya nini inashuka?"

"Juu ni règle."

Watu walianza kucheka. Akaweka chaki chini taratibu.

"Mama, hapa tuko université. Kama unatafuta juu ya nini, enda kwa philosophie."

Kicheko kilinifuata mpaka mlangoni, na kwa majuma mawili wenzangu waliniita Philosophe. Sikuuliza tena swali lolote mwaka ule. Ninapokumbuka, hasira yangu kubwa siyo kwa asistenti. Ni kwa jinsi nilivyonyamaza haraka.

Nilijiunga na kundi la kusoma lililokutana mtaa wa Mususa, kwenye baraza la nyumba ya mwenzetu mmoja. Mwenzetu huyo alituzidi umri, alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja chuo, na tulimwita Mukubwa. Njia yake ilikuwa moja: kukariri mifano yote iliyofanywa kwenye silabusi, pamoja na namba za kurasa, kwa sababu asistenti hutunga mtihani kutoka humo humo.

"Page makumi ine?" aliuliza, yaani ukurasa wa arobaini.

"Kiwanda ya savon!" tuliitika.

"Jibu?"

"Kumi!"

Tuliitika kama watoto wa katekisimu. Mtu aliyekuwa akipita njiani angeweza kudhani tunajiandaa kwa komunyo.

Nilikariri kurasa zote nilizoweza. Mtihani ulipokuja, asistenti alikuwa amebadilisha namba chache, na mimi nikaandika majibu ya namba za zamani. Nilipata nne juu ya ishirini. Mukubwa alipata tisa, akasema ni bahati mbaya tu. Wote wawili tukabaki na sesio ya pili, yaani mtihani wa marudio, ambayo ilikuwa baada ya likizo ya majuma nane.

Nikarudi Beni kwa wazazi wangu, na sikusema na mtu siku tatu. Mama alinivumilia siku hizo tatu. Siku ya nne alinishika mkono akanipeleka nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa bibi mmoja Mkatoliki aliyekuwa amefundisha hesabu kwenye shule ya wasichana mpaka alipostaafu. Sisi ni Waprotestanti, na mama hakuwa na mazoea naye sana, lakini alikuwa amesikia kwamba wasichana waliopita mikononi mwake wengine sasa ni wahandisi.

Mama mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, anafuma kofia za watoto wachanga kwa sindano mbili. Hakuacha kufuma.

"Andika moja ya tatu kuongeza moja ya ine," aliniambia.

Nikaandika mbili ya saba. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nina miaka ishirini na miwili.

Alitazama karatasi, akatazama mama. "Huyu mutoto hajui fraction. Atakuja kila asubuhi. Hiyo kitabu yake ya université abakishe kwenu."

"Mama mwalimu, mtihani ni ya dérivée," nilisema.

"Nimesikia."

Kwa majuma matatu nilifanya kazi za watoto wa darasa la sita. Sehemu, namba hasi, milinganyo ya x peke yake. Nilikasirika kila siku. Watoto wa jirani walipita wakachungulia daftari langu, na mmoja akasema kwa sauti, "Hata miye ninajua ile." Na mama mwalimu alikuwa na tabia iliyonitia wazimu: alihesabu nyuzi zake kwa sauti ya chini katikati ya somo. Ninamuuliza kama jibu langu ni sawa, naye anasema, "Kumi na saba." Ninafuta, ninaanza upya, ninatafuta hiyo kumi na saba kwa robo saa nzima, kumbe ni nyuzi za kofia.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Jibu lolote nililolipata, nilipaswa kulirudisha ndani ya swali. Kama nimesema x ni tano, niweke tano mahali pa x nione kama pande mbili zinalingana.

"Rudisha," alisema, bila kuinua macho.

"Mais nimeona ni sawa."

"Hujaona. Umependa. Rudisha."

Katika juma la nne nilimwambia, nikiwa karibu kulia kwa hasira, kwamba siku zinaisha, na kwamba hata hiyo dérivée yenyewe sijui kwa nini ile mbili inashuka, na nilipouliza nilichekwa. Kwa mara ya kwanza aliweka sindano juu ya magoti.

"Uliuliza hivyo mbele ya batu?"

"Ndiyo."

"Na hakuna mwenye alikujibu?"

"Hakuna."

Akavuta kiti chake karibu na meza. Aliniambia niandike tatu mara tatu. Tisa. Halafu tatu na nukta moja mara yenyewe. Nilipiga kwa mkono, hakuruhusu simu: tisa nukta sita moja. Namba ilipanda kwa nukta moja, mraba wake ukapanda kwa nukta sita moja. Kasi yake, nikigawanya ya pili kwa ya kwanza, ni sita na nukta moja. Akaniambia nisogee kidogo zaidi, tatu nukta sifuri moja. Nikapata kasi ya sita nukta sifuri moja. Akaniambia nisogee kidogo tena.

"Sita nukta sifuri sifuri moja," nilisema.

"Inakimbilia wapi?"

"Kwa sita."

"Na sita ni nini ya tatu?"

"Ni tatu mara mbili."

"Fanya kwa tano."

Nikafanya kwa tano. Ilikimbilia kumi. Nikafanya kwa saba bila kuambiwa, ikakimbilia kumi na nne. Ile mbili ilikuwa pale, mbele ya namba, na hakuna mtu aliyeishusha, ilikuja yenyewe.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikasirika kuliko siku zote. Ilikuwa imechukua chini ya saa moja, kwa penseli na karatasi ya nyuma ya daftari. Profesa alikuwa na siku tisa. Asistenti alikuwa na mwaka. Mimi nilikuwa nimebeba jina la Philosophe kwa jambo ambalo bibi mwenye sindano alilimaliza kabla chai haijapoa.

"Sasa lete ile kitabu," alisema.

Nilileta silabusi, nikafungua ukurasa wa arobaini kwa sababu huo niliujua kwa moyo, na nilitaka, angalau mara moja, nimfurahishe. Kiwanda kinatengeneza sabuni. Faida yake ni mbili q mraba, kuongeza arobaini q, kutoa hamsini, ambapo q ni idadi ya katoni. Tafuta q inayotoa faida kubwa kabisa. Nikachukua dérivée: nne q kuongeza arobaini. Iwe sawa na sifuri. Jibu, kama lilivyochapwa pale chini: kumi.

"Rudisha," alisema.

Nne mara kumi ni arobaini. Arobaini na arobaini ni themanini.

Nikafuta. Nikarudia. Themanini. Nikarudia mara ya tatu, nikiwa na jasho shingoni, nikijua kwamba nimesahau kitu cha darasa la sita tena.

"Mama mwalimu, ninaona themanini. Mais inapaswa kuwa zero."

Alichukua silabusi, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. "Nani alitengeneza hii?"

"Profesa."

"Na mwaka wote mulikuwa munasema kumi?"

"Tuliimba."

Hakucheka. "Angalia. Hiki kiwanda, kikitengeneza savon mingi, faida inapanda. Kikitengeneza mingi zaidi, inapanda tena. Haishuke hata siku moja. Ulishaona kiwanda kama hiyo hapa Beni? Ao Butembo?"

"Hapana."

"Basi hapa mbele kulikuwa moins, ikapotea. Weka moins."

Nikaweka alama ya kutoa mbele ya ile mbili. Dérivée ikawa kutoa nne q kuongeza arobaini. Nikapata kumi. Nikarudisha: sifuri. Jibu lililochapwa lilikuwa la kweli, na njia ya kulifikia ilikuwa uwongo mtupu, na wanafunzi wa miaka sijui mingapi walikuwa wamelipita hapo wakiimba.

Nilirudi Butembo siku mbili kabla ya mtihani. Maswali matano, kila moja pointi nne. Swali la tatu, ubaoni, kwa mwandiko mzuri wa asistenti: kiwanda cha sabuni, bila alama ya kutoa. Safari hii hakuwa amebadilisha hata namba moja.

Nilikaa na lile swali muda mrefu. Ningeweza kuandika kumi. Ukumbi mzima ulikuwa unaandika kumi, nilikaribia kuwasikia. Lakini majuma manane ya "rudisha" yalikuwa yameniharibu. Niliandika kwamba kwa namna swali lilivyo, faida haina kilele, inapanda tu. Kwamba pengine alama ya kutoa imesahauliwa. Na kwamba ikiwekwa, jibu ni kumi, na hapa chini ni uthibitisho. Nilipiga mstari chini ya kumi mara mbili.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Nilikuwa na nane juu ya ishirini, na kupita ni kuanzia kumi. Nikaomba kuona karatasi yangu. Swali la tatu lilikuwa na sifuri, na kando yake, kwa wino mwekundu: haukufuata méthode.

Mukubwa alikuwa na kumi na moja. Kwenye swali la sabuni alipata zote nne.

Chuoni kuna kitu kinaitwa recours, barua ya kupinga pointi. Niliiandika kwa Kifaransa changu bora. Mama mdogo alinishauri niache. "Utafanya ile somo mwaka kesho, ni nini? Usitafute mambo na bakubwa." Mukubwa alikuja mwenyewe mpaka Bulengera, akakataa kukaa.

"Unatafuta nini na ile barua? Baturudishe sisi wote kwa échec, tuanguke tena?"

"Mukubwa, nne mara kumi kuongeza makumi ine ni ngapi?"

"Usinifanyie masomo."

"Ni ngapi?"

"Nina bibi na batoto watano," alisema. "Nimeshapita. Niache nipite."

Akaondoka, na nilibaki na aibu ambayo sikuistahili, au labda niliistahili kidogo. Barua nilikuwa nimekwisha kuipeleka. Jibu lilikuja baada ya siku sita, mstari mmoja: pointi zinabaki zilivyo.

Ningeishia hapo, kama profesa asingerudi mwezi huo kuwafundisha wa mwaka wa pili. Nilimngoja nje ya ofisi siku ya kwanza. Alitoka akipiga simu. Siku ya pili alitoka na watu wanne. Siku ya tatu nilisimama mbele ya mlango wa gari lake, silabusi mkononi, imefunguliwa ukurasa wa arobaini.

"Prof, ninaomba urudishe kumi ndani."

Nafikiri alinitazama kwa sababu hakuna aliyewahi kumwamrisha kitu. Alitazama ukurasa. Midomo yake ilisogea kidogo. Kisha akacheka.

"Ah! Ni kosa ya frappe, ya kupiga mashini. Kuko moins hapa. C'est évident."

"Prof, kama iko wazi, juu ya nini nilipata zero?"

Alisoma nakala ya karatasi yangu akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya paa la gari. Aliisoma yote. Alipomaliza hakucheka tena. Aliita asistenti, aliyekuwa nyuma yake na mkoba.

"Huyu umupatie zake ine."

Asistenti akasema, "Oui, prof," akiangalia viatu vyake.

"Na wengine, prof?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Wengine balipata jibu ya kweli. Bapite." Akaingia garini. Kabla ya kufunga mlango alisema, "Uliandika vizuri, mama," na gari likaondoka, na mimi nikabaki na vumbi na pointi kumi na mbili.

Kwa hiyo Mukubwa alibaki amepita, na aliposikia alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, kama watu waliowahi kufiwa pamoja. Nilimpigia simu mama mwalimu Beni. Nilimshukuru kwa lugha ya nyumbani, "Wasingya, mama mwalimu. Nimepata kumi na mbili." Nilimsikia akinong'ona namba, nikajua anahesabu nyuzi.

"Na zile nane zingine ulizipoteza wapi?" aliuliza.

Juma lililofuata nilikwenda kwenye nyumba ya fotokopi karibu na chuo, ambako karatasi za asili za silabusi hutunzwa ndani ya folda. Mama wa fotokopi alikuwa anawaandalia wapya wa mwaka wa kwanza. Nilimwomba ukurasa wa arobaini.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Kuko kosa."

Alinipa, pengine kwa kuchoka. Nilitoa bic yangu nyeusi, nikachora alama ya kutoa mbele ya ile mbili, fupi na safi, na nyingine mbele ya nne chini yake. Akaweka karatasi kwenye mashine, akatoa nakala ya kwanza, akaitazama kwenye mwanga, akakunja uso.

"Kuko uchafu," alisema, na akachukua kitambaa kupangusa kioo.

"Mama, si uchafu. Ni moins."

"Ni kidogo sana. Batu batazani ni uchafu."

Nikachukua tena karatasi ya asili. Nikakaza kalamu, nikapita juu ya mistari ile miwili mara tano, mara sita, mpaka ikawa minene kama mbegu za kabeji, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Alitoa nakala nyingine. Safari hii hata yeye aliiona. Nilisimama hapo mpaka alipomaliza fungu lote, kisha nikafungua nakala moja baada ya nyingine, nikikagua ukurasa ule mmoja, huku yeye akilalamika kwamba ninamharibia mpangilio.